Mbinu ya Kumwondoa Mama Pindo

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa karakana yetu ya mapazia kastaafu. Kiti kitupu! Bosi kasema Ijumaa atateua mmoja wetu. Nani mwingine kama si mimi, mkataji wa vitambaa? Mke wangu keshamtangazia mama yake kwamba mkwe kapanda cheo, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Kikwazo ni Mama Pindo tu, fundi cherehani. Akipinda pazia, mshono wenyewe huuoni. Wateja wanamuulizia yeye, mimi wananipita kama mlango. Dawa yake ninayo. Nimemvisha kilemba cha ukoka mchana kutwa. Nimemwambia mikono kama ile inamtajirisha mtu mwingine bure, afungue duka lake. Kacheka tu.

Jumanne, 4 Machi
Hacheki tena! Kaniuliza kama kweli naamini anaweza. Nikamwapia. Nikampeleka kuona chumba kitupu barabara ya pili, nikamchorea na kibao cha duka, maua pembeni. Machozi yakamlengalenga. Kasema hakuna aliyewahi kumwambia maneno yale, hata mumewe. Nikajisikia vibaya. Ikapita.

Jumatano, 5 Machi
Kaacha kazi! Nimecheza peke yangu nyuma ya marobota ya vitambaa.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo yamekwenda kombo. Mafundi wengine wote wamemfuata. Nikawauliza nani kawatia wazimu. Wakasema ni mimi! Eti waliposikia hata mkataji, mchoyo wa sifa vile, anamsifu Mama Pindo, wakajua hilo duka si la mchezo. Mimi mchoyo wa sifa? Waende zao, tena wasigeuke nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
NIMETEULIWA! Bosi hakuhangaika kuchagua, nimebaki peke yangu. Nasimamia cherehani. Nakata, nashona, napiga pasi, nafagia. Pazia la hoteli nimelishona mimi, pindo limekwenda upande. Bosi kalitazama, kainamisha shingo upande huo huo. Nyumbani shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kauliza nikifoka kazini anaitika nani. Nikamfokea yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Pindo kaja mwenyewe. Kibao changu kakitundika mlangoni, na maua yote. Wateja wamejaa, anatafuta mkataji. Kasema bila mimi angezeekea hapa, ndiyo maana kaja kwangu kwanza. Nyumbani mke wangu kanibembeleza nikubali, eti yeye mwenyewe atamwelewesha mama yake. Thubutu! Msimamizi mzima nikapokee amri za Mama Pindo? Ng'o!

Jumatatu, 10 Machi
Nimemkuta bosi kashika tama katikati ya cherehani zisizo na watu. Nimemwonea huruma, kweli. Lakini kiti chake kina magurudumu! Nikamsogelea taratibu. Nikamwambia mtu mwenye kichwa kama chake anajipotezea muda na mapazia, afungue biashara nyingine kabisa. Akainua uso, akaniuliza kama kweli naamini anaweza.
Kesho naja na rangi. Namchorea kibao.