Ini la Mke Wangu na Suruali Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimelipunguza gauni la mke wangu kwa mara ya nne! Mwaka mmoja tu tangu madaktari wampasue, wakapunguza mfuko wa tumbo lake, wakamwachia kifuko chembamba kama ndizi. Vijiko vitano, ameshiba. Miaka ishirini ya ufundi cherehani, sijaona maajabu haya. Kitambaa cha maua kilichobaki nimekitia kiunoni mwa suruali yangu. Sabuni za siku hizi zinafanya nguo zibane.

Jumanne, 4 Machi
Ijumaa anarudi kupimwa ini. Kabla ya upasuaji lilijaa mafuta, likaanza kupata makovu. Daktari alisema likiendelea hivyo litakuwa gumu, na ini gumu huua. Naogopa. Sijamwambia. Nimekula sahani yangu, kisha nikaimalizia yake. Nyumba hii hatutupi chakula.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe ametua na mabegi mawili, eti mpaka majibu yatoke. Kasema mimi ndiye niliyemharibia binti yake ini kwa kumlisha ovyo. Mbele ya mteja! Nimepata mpango. Ijumaa nami nitapanda kitandani nipimwe. Akiliona ini la mwanamume kamili, atanywea.

Alhamisi, 6 Machi
Maandalizi. Maji ya ndimu tu, mpaka saa sita. Saa saba nikaona nisije nikazimia. Sahani yangu, sahani ya mke wangu, na nusu ya sahani ya mama mkwe alipogeuka kuchukua chumvi.

Ijumaa, 7 Machi
Ajabu! Mashine ya kupimia ini haikati wala haichomi. Inagonga mbavuni taratibu, kama mtu anayebisha hodi, kisha inapima kama ini ni laini au gumu. Daktari akasoma namba za mke wangu, akavua miwani, akasoma tena. Mafuta karibu yote yamekwisha. Makovu yamepungua. Akasema si kila mgonjwa hubahatika hivyo, lakini uzito ukishuka baada ya upasuaji, ini hupata nafasi ya kujitengeneza. Lenyewe! Nguo ikichanika haijishoni hata uiombee dua. Nikalia. Mama mkwe akalia. Tukajikuta tumeshikana mikono, tukaachiana haraka.

Nikapanda mimi. Hodi, hodi, hodi. Daktari akavua miwani tena, safari hii bila tabasamu. Akasema ini langu ndilo lile la mke wangu la mwaka jana. Akauliza ninakula nini. Mama mkwe akanyoosha kidole kiunoni mwangu, kwenye maua ya gauni la binti yake. Mke wangu akaniambia, machozi yakimlenga, kwamba hakupona ili aje kunizika.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nzima nimewaza kwenye cherehani. Kiungo kinachojishona chenyewe! Sijui Mungu alikifuma kwa uzi gani. Mwili wote umenisisimka. Na kama la mke wangu limerudi, langu litashindwaje? Kwa hiyo hakuna haraka.

Mchana mke wangu kanipimia vijiko vitano. Yeye kala vitatu, akaenda kupokea simu. Sahani yake ikabaki hapo inatoa moshi. Nikavuta kiti.

Aliporudi nilimuuliza, kwa sauti ya fundi, kama lile gauni la buluu nalo halimpwayi.