Tetea Mwekundu Mbele ya Balozi

Jamani, leo sina uso wa kupita mtaani kwetu hapa Mwankoko. Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua nimepanda ukoka mbele ya nyumba. Mwezi mzima naumwagilia kwa maji ya dumu. Banda la kuku wa mke wangu nimelizungushia wavu, kwa hiyo kuku wetu hawatoki (ndivyo nilivyoamini).

Asubuhi nafungua mlango, nakuta tetea mwekundu katikati ya ukoka. Anachakura kama kaajiriwa. Mizizi yote juu. Simjui. Nikaamua ni wa jirani yetu, Mama Eliza, maana wake ndio wanaozurura.

Nikamkimbiza. Nikaanguka mara moja (na suruali ya kazini). Nikamkamata, nikambana kwapani, moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akaagiza Mama Eliza aitwe.

"Shikamoo mama," nikasema, kuku bado kwapani.

"Marahaba. Huyo si wangu."

"Mama, una uhakika?"

"Wangu nawajua mmoja mmoja. Wewe wako unawajua?"

Nikajibu kwa sauti, majirani wasikie, kwamba mimi kwangu najua kila kitu.

Balozi akasema, "Usibishane na mama. Mweke chini, tuone anakwenda kwa nani."

Nikaona ni wazo zuri. Nikamweka chini. Tetea akajikung'uta, akapita mlangoni kwa Mama Eliza bila hata kugeuza shingo. Sisi nyuma yake, watu kama kumi. Akaingia kwetu, akapenya chini ya wavu pale ulipoachia, akapanda kwenye kiota, akatulia.

Mke wangu akatoka jikoni. "Mmempata wapi? Nimemtafuta toka alfajiri. Ndiye yule niliyebadilishana kwa jogoo na dada wa Itigi. Si nilikuambia?"

(Aliniambia. Nilikuwa naangalia mpira.)

Nikamwomba Mama Eliza radhi mbele ya wote. Akanitazama kwa huruma.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila na watoto wako uwe unawakagua jioni, usije ukanishtaki na kwa hao."

Balozi alicheka mpaka akakaa chini. Kwa leo kicheko hicho kinatosha. Ninyi someni tu.