Neno Ambalo Jirani Hajalipokea

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la kiwanda cha vigae saa nne asubuhi. Kufika saa tano kijiwe kizima kilikuwa kimeshalisoma, kimelitafsiri na kuligombania.

"Anatafutwa mwalimu wa Kiingereza cha kila siku," Kamusi alisoma kwa mara ya sita, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. "Wanafunzi ni wafanyakazi kumi na wawili kutoka China. Majaribio leo, saa kumi. Jamani, hili tangazo limebakiza kuandika jina langu tu!"

"Wangeliandika lipi?" Fundi Suti akamuuliza, pini tatu mdomoni. "La nyumbani au hili la benchi?"

Kijiwe chetu ni benchi mbili na meza ya Mama Birika, muuza kahawa, mkabala na hilo geti. Kushoto yuko Fundi Suti na cherehani yake. Kulia niko mimi, nachomelea mageti na milango, wananiita Cheche. Kamusi hana upande. Alikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo, ofisi ikafungwa, akabaki na Kiingereza na tai moja. Miezi mitatu sasa anamfundisha Mchina mmoja hapo hapo benchini, bure. Huyo Mchina ni mtunza stoo wa kiwanda. Sisi tunamwita Jirani.

Sasa, Kamusi ana balaa lake. Mwaka mzima amekuwa akimwambia baba mkwe wake kwamba yeye ni mwalimu pale kiwandani. Mzee anakuja Jumamosi kumwona binti yake, na amesema haondoki mpaka aone darasa.

"Leo Alhamisi," nikamwambia.

"Cheche, siku nazijua."

"Nakusaidia kuhesabu tu. Ukiikosa hii kazi, Jumamosi itabidi utupange sisi hapa benchini, tuvae kaptula za shule."

"Mimi unikalishe nyuma," Mama Birika akadakia huku akimimina kahawa. "Nikikaa mbele nitawaziba."

"Chekeni tu! Huyo mpinzani mnayeniogopesha naye ni nani? Yule mwalimu wa chuo mwenye mkoba? Si ndiye aliyeanza kumfundisha Jirani? Alimfundisha nini? 'Hau du yu du'! Jirani akaenda kumwambia fundi bomba 'hau du yu du'. Mnakumbuka fundi bomba alisemaje?"

"Alisema si yeye," Fundi Suti akajibu. "Alisema yeye kafika jana, aulizwe mwenzake."

"Alikimbia akaacha na spana!" nikaongeza.

"Ndiyo hapo sasa. Mimi nafundisha maneno yanayotembea barabarani. Okei! Sori! Tumoro! Mtu analisikia asubuhi, jioni ameshalitumia."

Geti likafunguka. Jirani akavuka barabara na daftari lake jekundu kwapani. Jirani haongei sana, ila Kiswahili chake kimenyooka kama vigae vyake. Akatuamkia mmoja mmoja, akakaa, akalifungua lile daftari mapajani.

"Mwalimu, Bi Meneja hatakuita ofisini. Saa kumi atakuja hapa. Amesema mtihani ni hili daftari."

"Daftari lako?" Kamusi akajirekebisha tai. "Hapo sawa kabisa. Si maneno yangu yote yamo humo?"

"Yamo. Lakini nimeyapokea kama napokea mzigo."

Akatueleza. Stoo, boksi likija limeandikwa vigae vyeupe, yeye hasaini. Anafungua kwanza, anatazama kilichomo, ndipo anasaini. Na maneno hivyo hivyo. Safu ya kwanza neno, ya pili mwalimu alisema nini, ya tatu kilichofika.

"Hebu tusomee," Mama Birika akaweka birika chini.

"Tumoro. Mwalimu alisema: siku inayofuata leo. Kilichofika: si leo."

Tukatazamana.

"Okei. Mwalimu alisema: nimekubali. Kilichofika: amesikia sauti."

Mimi nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Fundi Suti tu ndiye aliyekuwa ghafla na kazi nyingi ya kutunga uzi.

"Hiyo okei uliipokea kwa nani?" nikamchokoza Jirani.

"Kwa Fundi. Ovaroli kumi na mbili. Okei saba."

"Mashine ilikuwa inasumbua!" Fundi akalalamika.

"Sori," Jirani akaendelea bila haraka. "Mwalimu alisema: nisamehe. Kilichofika: atarudia. Mai frendi. Mwalimu alisema: rafiki yangu. Kilichofika: anataka kitu. Jasti e minit. Mwalimu alisema: dakika moja. Kilichofika: tafuta kiti."

"Hiyo nimeipenda!" nikapiga makofi. "Ya nani hiyo?"

"Yako, Cheche. Mlango wa stoo."

Makofi yakanifia mkononi.

Kamusi alikuwa amesimama, jasho linamtoka. "Jirani, umeniua. Nimekupa maana safi, moja baada ya nyingine, wewe unawaendea hawa majangili kuzihakiki? Bi Meneja akisoma hayo si atasema mwalimu hajui kitu?"

"Ameshasoma. Amecheka. Sijamwona akicheka tangu nije. Anasema hiki ndicho Kiingereza wanachokutana nacho wale kumi na wawili. Ila kuna tatizo moja."

Akarudi ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.

"Nou," akasoma. "Mwalimu alisema: kukataa. Kilichofika..."

Akatugeuzia daftari. Safu ya tatu tupu. Nyeupe pee.

"Miezi mitatu," Jirani akasema. "Nimeomba vitu vingi, kwa watu wengi. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili. Hakuna aliyenikatalia. Wala hakuna aliyenipa. Bi Meneja anauliza: huyu mwalimu anafundisha neno ambalo halipo? Leo alionyeshe linafanya kazi. Akilionyesha, kazi ni yake. Asipolionyesha, anaitwa mwenye mkoba."

Akanywa kahawa yake, akashukuru, akarudi kazini.

Kikao cha dharura. Kamusi akatupanga mstari kama timu ya mpira.

"Ndugu zangu, neno moja tu. Fundi, akikuuliza ovaroli zitakuwa tayari kesho, zitakuwa?"

"Kitambaa chenyewe sijakikata."

"Basi unasema nou. Cheche?"

"Mimi sina shida," nikamwambia. "Mimi mdomo wangu haujui kupaka mafuta. Nitamwambia nou mpaka kofia imruke."

"Mama?"

"Wewe niachie," Mama Birika akasema. "Nimekataa wachumba sita."

Saa kumi kamili Bi Meneja akatoka na Jirani. Mwanamke mfupi, kofia ngumu ya njano, kabeba kigoda chake mwenyewe. Akakaa, magoti pamoja, akatutazama kama vigae ambavyo ameshaona vina ufa sehemu. Kisha akasema neno kwa Kichina, Jirani akatafsiri.

"Fundi, Bi Meneja anauliza: ovaroli zote zitakuwa tayari kesho asubuhi?"

Fundi Suti akatoa pini mdomoni. Akavuta pumzi. Tukaona kabisa ulimi unapanda.

"N..." akasema. "N... nadhani tukijipanga vizuri."

Kamusi akafumba macho.

"Mama," Jirani akageuka. "Anauliza: utahamisha meza yako kesho, geti lipanuliwe?"

Mama Birika akatabasamu tabasamu lote alilonalo. "Tutaangalia, mwanangu."

"Mama!" Kamusi akamnong'oneza. "Kwani utahama?"

"Nihame niende wapi? Hata waje na tingatinga siondoki."

"Basi mwambie!"

"Nimwambieje mgeni wa watu usoni hivyo? Wewe umelelewa wapi?"

Nikabaki mimi. Nikajikohoza. Bi Meneja akanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo, uliokuwa umelala chali mbele ya karakana yangu, hauna bawaba, hauna kitasa, na kusema kweli upande mmoja haupo kabisa.

"Cheche, anauliza: mlango utaisha leo?"

Mimi huyu. Mimi niliyemwambia mwalimu mkuu mbele ya shule nzima kuwa siku hiyo ndiyo ya mwisho kuniona. Nikamtazama yule mama, kavuka barabara na kigoda chake, anasubiri kwa heshima zake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Uko mwishoni mwishoni."

Jirani hakuandika chochote. Safu ya tatu ikabaki tupu. Bi Meneja akanyanyuka, akachukua kigoda. Kamusi alikuwa kama mtu anayetazama basi lake likiondoka na begi lake ndani.

Yule mama alipiga hatua mbili, akasimama. Akasema kitu kwa upole, nadhani kwa kuaga tu.

"Mwalimu," Jirani akatafsiri, "anauliza: kabla ya mimi, umewahi kufundisha darasa?"

Hili swali Kamusi analo jibu la mwaka mzima. Kalipeleka kwa baba mkwe, kwa mwenye nyumba, kwa kinyozi. Alishika tai yake, akaikaza, akailegeza.

"Nou," akasema.

Kwa sauti ndogo. Bi Meneja akainamisha kichwa, hakusikia.

"Nou!" Kamusi akapaza. "Sijawahi! Siku moja sijawahi! Mimi nilikuwa nabandika karatasi kwenye makontena! Ualimu wenyewe nimeuanzia hapa benchini kwa sababu nilichoka kukaa kimya!"

Akaketi chini, kamaliza. Fundi Suti akanong'ona, "Sasa hiyo kazi kaizika mwenyewe."

Lakini Jirani alikuwa ameshatoa kalamu. Akaandika polepole, safu ya tatu, mstari wa kwanza, 'kukataa, kama mwalimu alivyosema', akaweka sahihi pembeni. Akamwonyesha Bi Meneja. Yule mama akasoma, akacheka kicheko kizito kisicholingana na mwili wake, akampa Kamusi mkono.

"Anasema neno limefika," Jirani akatangaza. "Kesho, saa moja asubuhi. Darasa la watu kumi na wawili."

Kijiwe kikalipuka. Mimi nilimbeba Kamusi juu juu, Fundi Suti akampima mabega palepale kwa ajili ya shati la ualimu, Mama Birika akamwaga kahawa nusu kwenye vikombe na nusu kwenye meza kwa furaha.

"Mlimwona?" Kamusi alikuwa anapiga kelele, anazunguka. "Neno moja! Nimelisema limetoka kama risasi! Tatizo lenu nyie ni woga. Mtu mzima unatetemeka nini kusema ukweli? Kuanzia leo mimi..."

Simu yake ikalia. Akaitazama, akapoa. Simu ya Kamusi spika ya sikioni ilikufa zamani, inaongea kwa sauti kubwa tu, kwa hiyo sisi sote tukawa tumepigiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu!" Sauti ya baba mkwe ikajaa barabara. "Safari imeiva. Nakuja na wazee wenzangu wawili. Nimewaambia mkwe wangu anatimiza mwaka pale kiwandani, wanafunzi wanamheshimu kama mzazi. Ni kweli au nimetia chumvi?"

Tukamtazama Kamusi wote. Fundi Suti akamwonyesha ngumi ya kumtia moyo. Mama Birika akatikisa kichwa kushoto na kulia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Na Jirani, ambaye bado hajarudi getini, akaifungua kalamu yake tena.

Kamusi akavuta pumzi. Ulimi ukapanda. Tukauona.

"N..." akasema. "N... naona sauti inakatika, baba!"

"Mimi nakusikia vizuri sana."

"Halo?" Akaipeleka simu mbali, mkono wote umenyooka. "Halo, baba? Inakata... inakata... halo?"

Akazima. Akajifuta uso kwa tai, akachukua kikombe kisicho chake, akanywa.

Jirani akafungua ukurasa mpya, akachora safu zake tatu.

"Mwalimu," akauliza, "'sauti inakatika'. Niandike maana yake nini?"

"Hilo usiandike leo, mwanangu," Mama Birika akamjibu, anakusanya vikombe. "Linafika Jumamosi, na baba mkwe na wazee wenzake wawili."