Mgongo Wangu Usio na Kosa

Jumatatu, 1 Machi 1954. Temeke.

Nimechoka kula peke yangu. Tangu Leonardi, mwenzangu wa chumbani, aoe na kuhamia Kinondoni, miezi minne sasa naongea na sufuria. Kazini mimi ni karani wa ghala, na magunia hayajibu salamu. Lakini leo nimegundua dawa! Mzee Wong, Mchina aliyetoka Unguja alikokuwa akinunua majongoo bahari, huchoma watu sindano nyembamba kila jioni. Wagonjwa hulala kwenye mikeka, bega kwa bega, sindano mwilini, wakipiga soga mpaka zichomolewe. Soga! Shida ni moja tu: mimi mzima. Nikaenda, nikasema mgongo.

Sindano nane. Nililia kidogo. Jirani yangu mkekani ni Romani, Mmakonde mchonga vinyago, bega limekufa ganzi. Kila aliyeingia alimpa pole yeye. Mimi sikupata hata moja. Simpendi.

Jumatano, 3 Machi. Majivu.

Asubuhi kanisani nimeahidi kutosema uongo Kwaresima nzima. Jioni kwa Mzee Wong. Kumbe ana ratiba: Jumatatu migongo na mabega, Jumatano vichwa na usingizi. Nikasema kichwa. Bernadeta, mama muuza vitumbua, alisema kipandauso kinamtesa mwaka wa kumi na moja. Nikasema changu wa kumi na mbili. Akanitazama usoni, akageukia upande wa pili. Romani naye yupo, eti hapati usingizi! Mtu mmoja, maradhi mawili, yote ya kweli. Wengine tumenyimwa.

Ijumaa, 5 Machi.

Sikuuliza Ijumaa ni siku ya nini. Nikakuta benchi la wanawake saba, wote wanatafuta mtoto. Wakanisogelea kwa huruma, wakauliza mke wangu yuko wapi. Nikasema anafunga mlango, anakuja. Mke sina! Wakamwombea dua wote saba, mmoja akatokwa na machozi. Mzee Wong akauliza tumeoana lini. Nikasema miezi minne. Akasema nirudi baada ya miaka miwili.

Jumatatu, 8 Machi.

Fedheha. Mzee Wong amenishika mkono kusikiliza mapigo, akanitazama ulimi, akatangaza mbele ya watu kwamba ana wagonjwa wengi na mimi simo. Mkeka wangu akapewa mwingine. Romani alicheka mpaka bega likamuuma. Angalau hilo.

Nimerudi kula ugali nikitazamana na ukuta. Iliniuma kuliko sindano.

Jumanne, 9 Machi.

Nimepata! Mgongo ulioumia kweli Mzee Wong hawezi kuukataa. Ghalani nikanyanyua gunia la kahawa peke yangu. Kahawa ya Bukoba, ya kwetu kabisa, nayo haikunihurumia! Wapagazi wamenileta nyumbani kwa mkokoteni. Nimelala kifudifudi, naandika kwa shida. Sasa nitafikaje kwa Mzee Wong? Hilo sikulifikiria.

Alhamisi, 11 Machi.

Wamekuja! Mgonjwa hutazamwa, ndiyo desturi, nami nilikuwa nimeisahau. Bernadeta kaleta uji. Romani kaleta samaki. Halafu wakaja wanawake wanne wa Ijumaa ile, kumpa pole mke wangu. Nikasema kaenda Bukoba kumuuguza mama yake. Wakashika vichwa: masikini, anaumwa na hana mtu! Wakakaa mpaka magharibi, chumba kimejaa hadi mlangoni. Nililia, nikasingizia mgongo. Romani alinishikia bakuli nikanywa uji. Si mtu mbaya sana, ingawa kichwa cha samaki kakila yeye.

Jumamosi, 13 Machi.

Mzee Wong kaja mwenyewe na sindano zake. Safari hii kanipa pole. Jioni mgongo umenyooka, nimezunguka chumba mara tatu. Balaa! Nikipona nani atakuja? Bernadeta kasema nikipata nafuu niwe nakula kwake kila Jumapili, na Romani huwapo. Maneno ya kumfariji mgonjwa tu, nayajua. Nimerudi kitandani haraka.

Jumapili, 14 Machi.

Saa saba mchana Romani kabisha hodi. Kasema Bernadeta kapika wali wa nazi, watu wote wako kwake, nafasi yangu mkekani imewekwa, nikiweza kutembea twende. Mimi mjinga? Anayetembea nani atampa pole? Nikagumia, nikasema hata kukaa siwezi. Akasema pole sana kaka, basi hawatanisumbua, nipumzike. Akaenda zake kula.

Nimelala nikiwasubiri waje. Jua limezama, hakuna aliyekuja. Nimekula muhogo wa jana, wa baridi, peke yangu.

Naona mgongo wameshauzoea. Kesho naongeza mguu.