Uzinduzi wa Kituo cha Kutenganisha Kocha na Tabibu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa uamuzi wa kikao cha jana ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakuu wa idara, manaibu wao, na wanaokaimu nafasi za manaibu wao. Wageni waalikwa na wageni mliojialika. Ndugu wanahabari, wote wawili. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wenu mmeshanisikia nikiusifia, ili kuzindua Kituo Jumuishi cha Ushauri, chenye jukumu la kimkakati la kumsaidia mtumishi mwenye matatizo binafsi kuamua kama aende kwa mtaalamu wa saikolojia au kwa kocha wa maisha. (Mtu anakohoa.)

Wazo hili lilizaliwa masijala. Karani wetu wa pale, tunayemwita Mama Mafaili, alifiwa na mumewe ghafla. Akarudi kazini baada ya wiki moja, akawa anajificha katikati ya rafu, analia, kisha anatoka na faili ambalo hukumwomba. Usiku halali, chakula hali. Mimi, kama kiongozi mwenye maono, niliona tatizo papo hapo: mafaili yalikuwa yanachelewa. (Minong'ono.)

Nikaunda kamati. Watu tisa walifanya upembuzi yakinifu kwa miezi minne, wakaandaa wasilisho la slaidi themanini na sita, wakabaini kwamba asilimia sitini na mbili ya watumishi wana msongo wa mawazo, na waliobaki walikuwa na msongo kiasi cha kushindwa kujaza dodoso. Ndipo ukapatikana mwongozo, niliouandika kwa mkono wangu: mtaalamu wa saikolojia anakuuliza kimekupata nini, kocha anakuuliza unataka kufika wapi, na ofisi yangu inakuuliza barua yako imepitia kwa nani. (Kicheko. Mheshimiwa anadhani anashangiliwa, anainama.)

Tulimchagua kocha, kwa kuwa alikuja na kipaza sauti chake. Akampandisha Mama Mafaili juu ya kiti mbele ya idara nzima, akamwambia apaze sauti mara tatu, "Mimi ni mshindi!" Akasema ya kwanza. Ya pili ikatoka nusu. Ya tatu akasema, "Baba, mimi sijashindana na mtu. Mume wangu amekufa."

Nilitaka aendelee, maana ratiba ilikuwa inatubana, lakini kocha akazima kipaza sauti, akamshika mkono, akamteremsha. "Nisamehe, mama," akasema. "Hili si la kwangu. Unahitaji mtu aliyesomea maumivu haya." Wifi yake akampeleka hospitali siku hiyohiyo, bila barua, bila muhuri, akapata mwanasaikolojia mwenye chumba kidogo na viti viwili. Akaenda kila Alhamisi. Nilipomuuliza wanafanya nini huko, alinijibu, "Naongea, mheshimiwa. Kuna mtu anasikiliza." Sasa analala. Bado analia, ila sasa anaanza kwa kukupa faili sahihi. (Makofi ya kweli. Mama Mafaili, safu ya nne, anafuta macho na kucheka.)

Naye kocha hakuondoka hivihivi. Alikaa na dereva wangu, ambaye hakuwa na maumivu yoyote, alikuwa amechoka tu na maisha bila kujua anataka nini. Baada ya vikao vitatu akajua: hataki kuniendesha. Ndiyo maana leo nimefika kwa miguu. (Kicheko kirefu.) Kwa hiyo Kituo kimehudumia wawili, wamefaulu wawili, yaani asilimia mia moja!

Nikisema "Afya ya akili!" mseme "Kipaumbele!" Afya ya akili! (Kipaumbele!) Msongo! (Tumechoka!) Hilo halipo kwenye ratiba.

Kwa kumalizia, namshukuru seremala kwa kutuazima mlango huu na fremu yake, ambao nitaufungua sasa hivi mbele ya kamera. Atakayepita aangalie hatua, nyuma ya mlango ni maegesho ya magari tu. Kituo chenyewe kitajengwa tutakapokubaliana ni cha idara gani. (Sauti kutoka nyuma: "Na sisi wenye shida leo twende wapi?") Swali zuri sana. Muulizeni Mama Mafaili, yeye anapajua. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Watu wanainuka. Hakuna anayeelekea mlangoni; wote wanaelekea safu ya nne.)