Jinsi Ninavyoijua Kinshasa

Jumapili, 6 Agosti 1995

Habari kubwa! Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi atawabeba akina mama wa parokia yetu hadi Kinshasa, bure, katika ndege yake ya mizigo. Wana mkutano huko. Baada ya misa Padri Cyrille aliuliza kama yupo mzee anayeijua Kinshasa, awasindikize na kuwaonyesha mji. Nilisimama kabla hajamaliza. Nikasema ninaijua nje ndani.

Sijawahi kuvuka Lubumbashi.

Philomène, mke wangu, alinitazama kama mtu anayemwona mumewe akipanda treni isiyo yake. Anajua sababu. Binti yetu Angèle ameolewa Kinshasa. Mwanawe Exaucé ana miaka sita na sijamwona hata unywele. Nauli siwezi kuipata hata nikiuza nyumba na mimi nikiwa ndani yake. Niombe nafasi, basi? Mimi, niliyewafundisha sarufi nusu ya wanaume wa Likasi? Hapana. Nitapelekwa kwa heshima.

Jumatatu, 7 Agosti

Maandalizi. Ninacho kitabu cha jiografia cha enzi za Wabelgiji. Ninayo pia kalenda ambayo Angèle alitutumia kwa mkono wa msafiri mwaka ule mtoto alipozaliwa. Picha yake: mto mpana, na ukingoni mwake mnara mrefu wa mviringo. Msafiri alisema Angèle humtembeza mtoto mahali hapo kila Jumapili. Tangu siku hiyo kalenda iko ukutani, na mjukuu wangu anacheza chini ya mnara. Nimemchagulia hata dirisha.

Casimir, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha Shituru, ametangaza kwenye bomba la maji la mtaa kwamba naye anaijua Kinshasa. Aliwahi kwenda. Anadhani kufika ni kujua!

Alhamisi, 10 Agosti

Nimewafundisha akina mama ukumbini. Waanze na Boulevard Albert, asubuhi, kwa sababu ya kivuli. Kisha wapande kilima cha Ngaliema kuiona sanamu ya mvumbuzi. Kisha bustani ya wanyama, bila kuwapa nyani vidole. Mwisho, kilele cha ziara yote: mnara!

Casimir alikohoa kwenye Boulevard Albert, eti jina hilo liliondoka na Wabelgiji. Akakohoa zaidi kwenye sanamu, eti iling'olewa zamani. Nilimpuuza.

Mama Emérance, kiongozi wao, muuza unga sokoni, aliuliza watakula wapi. Nikajibu kwamba ziara ni chakula cha akili. “Ile ya akili tulikula jana, Mwalimu,” akasema. “Leo tunaomba bukari.” Ukumbi ulicheka kupita kiasi. Umeme ukakatika. Niliendelea gizani kwa ujasiri. Uliporudi, walikuwa wamebaki watatu, mmoja wao amelala.

Ijumaa, 11 Agosti

Mbinu dhidi ya Casimir. Nilimtembelea kwa uso wa huruma. Nikamweleza kwamba huko juu hewa ni nyepesi na hupasua masikio ya watu wenye masikio makubwa. Ya Casimir ni kama sahani. Aliyashika yote mawili. Ushindi!

Jioni. Balaa. Casimir amesimulia yote bombani, ila masikio hakuyataja. Sasa mji wote unajua kwamba Mwalimu, mjuzi wa ndege, amesema vichwa vya abiria hupasuka. Akina mama wawili wamejitoa. Mama Emérance alinisimamisha barabarani mbele za watu: “Weye Mwalimu, unafundisha bantu ao unabazika?”

Jumamosi, 12 Agosti

Padri alikuja nyumbani. Ni mgeni Likasi, ametoka Kapolowe juzijuzi, hajui mambo ya watu. Alisema nafasi zilizoachwa atawapa wenye ndugu huko. Akauliza kama nina mtu wangu Kinshasa.

Mtego! Kiongozi mwenye binti huko si kiongozi tena, ni baba anayedandia ndege. Nikajibu kwamba sina mtu, ninataka kutumikia tu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, au kilitupwa.

Jumapili, 13 Agosti

Siku mbaya kuliko zote.

Baada ya misa niliitundika kalenda mbele ya parokia nzima, nikaeleza jinsi ya kuufikia mnara kwa miguu. Casimir akavua kofia. “Mwalimu, na heshima yako yote. Ule munara haiko Kinshasa. Iko Brazza, ngambo ya mayi. Mupiga picha alisimama Kinshasa, akaangalia ngambo. Ile ni inchi ingine! Bamama bakienda kule bila pasipoti, tutabatafuta mu boloko, mu gereza.”

Kicheko. Mpaka mpiga kengele. Kazi ya kuwasindikiza akina mama alipewa Casimir palepale.

Hilo halikuniuma sana. Nyumbani niliitazama kalenda. Miaka yote hii nimemweka mtoto katika nchi isiyo yake. Nilijaribu kumhamishia upande wetu wa mto, lakini upande wetu picha haionyeshi kitu.

Jumatatu, 14 Agosti

Philomène alikwenda kwa Padri bila kuniaga. Alisema, “Mon père, niko na mutoto kule, na mujukuu sijamuona.” Basi. Bila somo, bila mnara. Amepewa nafasi! Padri amemwambia kwamba nyingine inanisubiri, ila nije niiseme sentensi hiyo kwa kinywa changu.

Nilivaa koti. Njiani niliirudia sentensi, nikairekebisha, ikawa nzuri sana. Nikabisha. Padri akafungua, akasema, “Ndiyo, Mwalimu?”

Nilimwuliza kama kengele inahitaji kamba mpya.

Akasema haihitaji. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 16 Agosti

Wameondoka kwa lori kwenda kuipanda ndege Lubumbashi. Philomène alivaa kitenge cha harusi ya Angèle, akiwa na samaki wakavu kwenye kikapu. Casimir mbele kwa dereva, pamba masikioni. Mahali pangu pamekaliwa na gunia la unga la Mama Emérance.

Philomène aliinama toka juu ya lori. “Baba Angèle, mutoto nimuambie nini?”

Maneno nilikuwa nayo. Nikamwambia waanze na Boulevard Albert, asubuhi, kwa sababu ya kivuli. Alinitazama mpaka lori likapinda kona.

Jumapili, 20 Agosti

Nimekula bukari baridi, niliyoipika mwenyewe. Sitaeleza zaidi. Kalenda nimeigeuza iangalie ukuta, kisha nikaigeuza tena.

Baada ya misa Padri alituuliza tuliobaki. Mwezi wa kumi kwaya itakwenda Lusaka kwa lori. Je, yupo mzee anayeijua Lusaka? Casimir hayupo! Nilisimama kabla hajamaliza. Nikasema ninaijua nje ndani.

Padri akaniuliza, polepole, kama nina mtu wangu huko.

Ah, safari hii sikunaswa! Nikajibu kwa sauti kubwa, parokia nzima isikie, kwamba ninaye: binti yangu wa pekee, pamoja na mjukuu.

Padri alifumba macho.