Mazoezi Yangu Yamemliza Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Natamani nihame kijiji hiki cha Keza kabisa.

Jana niliwafundisha darasa la sita mazoezi ya viungo. Pasha mwili kwanza. Anza polepole. Ukiona unakimbia huku huwezi kuongea, umezidisha, punguza. (Nilivyokuwa nafoka, ungedhani mimi ni kocha wa timu ya taifa.) Wakawa wanaangalia kitambi changu. Nikaahidi kwamba asubuhi wataniona barabarani.

Kupasha mwili? Wapi! Leo asubuhi nilitoka nduki, wanafunzi wananipigia makofi.

Katikati ya mlima pumzi ikakata. Na nani anateremka na mkungu wa ndizi kichwani? Mama yake Advera! Advera ni mchumba wangu, muuguzi kule mjini Ngara. Mwezi ujao napeleka posa kwao. Na huku kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, ujue kuna msiba.

"Mwalimu, kuna nini?"

Nataka kusema shikamoo. Haitoki! Nimeshika magoti, nahema tu.

"Ni Advera? Mwanangu amepatwa na nini?"

Nikatikisa kichwa. Yaani hapana, hana shida. Yeye akaelewa kwamba hayupo tena.

Mkungu chini! "Yoo, mwanangu weee!" Akajitupa kwenye vumbi. Watu wakaja na majembe yao kutoka mashambani, kina mama wakaanza kulia. Mimi jasho linanitiririka usoni, wakadhani ni machozi.

"Pole, mwalimu. Jikaze."

(Nami nikaitikia kwa kichwa. Kwa nini, Mungu wangu?)

Jirani mmoja akapiga namba ya Advera, aulize mwili uko wapi. Akapokea Advera mwenyewe!

Wote wakanigeukia. Hapo ndipo sauti iliporudi, nikatoa neno langu la kwanza:

"Mazoezi."

Mama akainuka, akajikung'uta vumbi. "Shikamoo, mama," nikasema. Hakuitikia. Nikainama nimtwike mkungu wake, magoti yakagoma. Akaunyanyua mwenyewe, akauweka kichwani, halafu akawauliza watu:

"Huyu ndiye wa kumtunza mwanangu?"

Nimerudi nyumbani kwa kupita migombani, nisionwe na darasa la sita.

Ukishindwa kuongea, punguza. Nilisema mimi mwenyewe, jana tu. Sasa msicheke, nitafutieni mshenga mwenye pumzi.